Barua ya Kuvuka Rusizi: Historia ya Mamlaka ya Posta ya Kikoloni Cyangugu na Mafunzo Yake kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza historia ya mamlaka ya posta ya kikoloni katika eneo la Cyangugu, kusini-magharibi mwa Rwanda, tangu utawala wa Wajerumani hadi uhuru wa mwaka 1962. Hoja kuu ni kwamba swali la nani anaamua kuhusu barua lina uzito kuliko swali la wapi ofisi ya posta imejengwa. Chini ya Ubelgiji, huduma za Ruanda-Urundi ziliunganishwa na za Kongo ya Kibelgiji, lakini muungano huo haukuzaa chombo kinachomilikiwa na pande zote mbili. Ulipofika uhuru, mawasiliano baina ya Cyangugu na Bukavu, miji inayotazamana, yakawa ya nchi mbili za kigeni. Muungano huo unalinganishwa na ule wa Kenya, Uganda na Tanganyika wa mwaka 1933, uliodumu hadi 1977. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa watunga sera wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Gihundwe ni sekta ya Wilaya ya Rusizi, jirani na mji wa Kamembe, katika ncha ya kusini ya Ziwa Kivu. Ng'ambo ya maji uko mji wa Bukavu, ambao wakazi wa upande huu wameuendea kwa miaka mingi kwa ajili ya soko, shule, matibabu na ndoa. Kinyarwanda, Kimashi na Kiswahili husikika pande zote mbili. Mtu hufika Bukavu kwa mwendo wa miguu baada ya kuvuka daraja la Rusizi.

Barua haina uhuru huo. Katika utaratibu wa posta ya kimataifa, kila nchi huteua ofisi maalumu za kukabidhiana na nchi nyingine mifuko ya barua. Barua inayotoka mpakani hukusanywa kwanza na kupelekwa katika ofisi hizo, hata kama mpokeaji wake anaonekana kwa macho kutoka kwa mtumaji. Umbali wa barua, kwa hiyo, hupimwa kwa ngazi za mamlaka kabla ya kupimwa kwa kilomita.

Tafiti nyingi kuhusu posta za kikoloni zimeegemea stempu kama vitu vya kukusanywa. Hapa stempu inachukuliwa kuwa hati ya utawala: hutaja jina la nchi, sarafu na lugha ya mwenye nguvu. Ikisomwa pamoja na sheria zilizounda ofisi za posta, humwonyesha msomaji nani alikuwa na kauli ya mwisho.

2. Posta ya Wajerumani na mpaka uliobishaniwa

Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, posta haikuwa idara ya kawaida ya gavana. Ilikuwa tawi la Posta ya Dola ya Ujerumani, iliyosimamiwa kutoka Berlin. Ofisi za Dar es Salaam na Bagamoyo zilifunguliwa Oktoba 1890, na Dar es Salaam ikawa kitovu cha huduma kwa koloni zima. Kuanzia 1893 stempu za Ujerumani zilichapwa juu yake thamani ya pesa, ambapo pesa 64 zilifanya rupia moja. Kuanzia 1905 stempu zilitumia hela badala ya pesa, ambapo hela 100 zilifanya rupia moja. Hivyo mwandishi wa barua wa bara alilipa kwa fedha ya pwani, kwa ofisi iliyopokea maagizo kutoka Ulaya.

Cyangugu ilikuwa mbali na pwani hiyo kwa kila kipimo. Kituo cha kijeshi cha Shangi, kando ya Ziwa Kivu, kilianzishwa 1898. Wamisionari wa Kikatoliki walifungua Mibirizi mwaka 1903. Kigali ilipata Residenti, Richard Kandt, mwaka 1907. Watu wa vituo hivi waliandikiana na Dar es Salaam na Ulaya kupitia matarishi na misafara ya wapagazi, kwa njia zilizoelekea Usumbura na Ziwa Tanganyika, au Bukoba na Ziwa Viktoria. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikiwa na urefu wa takriban kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Ilikamilika miezi michache tu kabla ya vita, na manufaa yake kwa Rwanda yakakatizwa mapema.

Wakati huo huo mpaka wenyewe ulikuwa na mgogoro. Ujerumani na Dola Huru ya Kongo zilibishania ardhi ya Kivu na bonde la Rusizi, na mwaka 1899 maofisa wa pande mbili walikubaliana kuliacha eneo hilo katika hali ya muda. Ni mkataba wa Brussels wa 1910 uliothibitisha mto Rusizi na Ziwa Kivu kuwa mpaka, na kuweka kisiwa cha Ijwi upande wa Kongo. Kabla ya hapo, maji yale yalikuwa njia na uwanja wa mahusiano ya jamii za pande zote. Baada ya hapo yalitenganisha mamlaka mbili za posta: moja ikitazama Dar es Salaam na nyingine ikitazama Boma, karibu na Bahari ya Atlantiki.

3. Vita, chapa na sarafu

Majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yaliingia Rwanda mwaka 1916, na Kigali ikatekwa mwezi Mei. Posta ilibadilika haraka kuliko taasisi nyingine nyingi. Katika mwaka huo huo stempu za Kongo ya Kibelgiji zilichapwa juu yake majina ya Ruanda na Urundi, na nyingine zikachapwa maneno ya Kifaransa na Kiholanzi yaliyotangaza kwamba nchi ilikuwa chini ya ukaliaji wa Ubelgiji. Faranga ya Kongo ilichukua nafasi ya rupia.

Mabadiliko haya yalikuwa na maana tatu. Kwanza, mwelekeo wa mamlaka uligeuka kutoka Bahari ya Hindi kwenda Atlantiki. Pili, sarafu ya pwani, iliyoiunganisha Rwanda na biashara ya Tabora na Bagamoyo, iliondolewa katika shughuli za serikali. Tatu, lugha za hati za posta zikawa zile za Ubelgiji, ilhali Kiswahili kilikuwa kimetumika katika utawala wa Wajerumani hadi ngazi za chini. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi iliyoamuliwa na mtumiaji wa huduma.

Mipaka ya posta iliendelea kufuata majadiliano ya wakubwa. Ubelgiji iliishikilia Kigoma na Ujiji hadi mwaka 1921, zilipokabidhiwa kwa Waingereza. Gisaka, mashariki mwa Rwanda, ilipewa Waingereza kisha ikarejeshwa Rwanda mwanzoni mwa 1924. Katika kila hatua, watu walibaki walipo huku anwani zao zikihamia himaya nyingine.

4. Muungano wa 1925: utawala mmoja, stempu mbili

Hati ya dhamana ya Shirikisho la Mataifa iliiruhusu Ubelgiji, katika kifungu cha 10, kuiunganisha Ruanda-Urundi kiforodha, kifedha na kiutawala na maeneo jirani yaliyo chini yake. Ruhusa hiyo ilitumika katika sheria ya tarehe 21 Agosti 1925. Ruanda-Urundi ikawa sehemu ya utawala wa Kongo ya Kibelgiji, chini ya Naibu Gavana Mkuu aliyekaa Usumbura. Juu yake alikuwapo Gavana Mkuu, kwanza Boma na baadaye Léopoldville, na juu yao wote Wizara ya Makoloni huko Brussels. Chini yake walikuwapo Maresidenti wa Kigali na Kitega, kisha watawala wa teritori, mojawapo ikiwa Shangugu, kama jina hilo lilivyoandikwa katika hati za wakati huo.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo iliipa Ruanda-Urundi hadhi ya kisheria ya kujitegemea na mali yake yenyewe. Amri zilizotungwa kwa ajili ya Kongo hazikutumika Ruanda-Urundi mpaka zitangazwe rasmi na mtawala wa Usumbura. Masharti haya yalitokana na ukweli kwamba nchi haikuwa koloni. Ubelgiji ilipaswa kuwasilisha ripoti kila mwaka Geneva, na Tume ya Kudumu ya Dhamana ilifuatilia muungano huo kwa makini.

Stempu zinaonyesha namna pande hizi mbili za sheria zilivyokutana. Kuanzia 1924 stempu za Kongo zilichapwa juu yake jina la Ruanda-Urundi. Mwaka 1931 nchi ilipata mfululizo wake wenye picha za mandhari. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mifululizo ya vinyago, ile ya maua ya 1953 na ya wanyama ya 1959 ilitolewa kwa michoro ya aina moja katika Kongo na Ruanda-Urundi, tofauti ikiwa jina la nchi. Sarafu ilikuwa moja, faranga ya Kongo, hadi 1960.

Kwa nini nchi mbili zenye sarafu moja na mtawala mkuu mmoja zitumie stempu mbili? Jibu limo katika bajeti. Stempu ni risiti ya malipo yaliyotangulia. Mapato yake humfuata aliyeitoa. Nchi yenye mali yake kisheria ilihitaji kuonyesha mapato yake peke yake, hasa mbele ya msimamizi wa kimataifa. Jina lililochapwa juu ya ua au mnyama lililinda hesabu za Ruanda-Urundi. Halikuwapa wenyeji wake kauli yoyote katika uendeshaji.

Nje ya nchi, mamlaka hizo mbili zilionekana kama moja. Katika mkataba wa kimataifa wa mawasiliano ya simu uliotiwa saini Atlantic City mwaka 1947, Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi ziliorodheshwa pamoja kama mwanachama mmoja. Hapakuwa na meza ambapo Usumbura ingekaa na Léopoldville kama washirika sawa. Ofisi ya Shangugu ilikuwa tawi la tawi.

Kwa maisha ya kila siku, muungano huo ulikuwa na faida iliyo wazi. Bukavu, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Costermansville, ilikuwa makao makuu ya Kivu na jirani wa karibu kabisa wa Shangugu. Mfanyakazi, mfanyabiashara au mwanafunzi aliyevuka Rusizi alikuta sarafu ile ile na serikali ile ile. Faida hii, hata hivyo, ilitegemea uamuzi wa Brussels peke yake. Haikuwa na mlinzi mwingine.

5. Mfano wa pili: muungano wa posta wa 1933

Uingereza nayo ilikuwa na kifungu cha aina hiyo katika hati ya dhamana ya Tanganyika. Kenya na Uganda tayari zilikuwa na historia ya posta ya pamoja. Stempu za pamoja za himaya hizo mbili zilianza kutumika mwaka 1903. Tarehe 1 Januari 1933 posta ya Tanganyika iliunganishwa nazo chini ya Postamasta Mkuu mmoja aliyekaa Nairobi. Stempu za mwaka 1935 zilibeba majina matatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1948 huduma hiyo iliwekwa chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki.

Muungano huu haupaswi kupambwa. Ulibuniwa kwa ajili ya uchumi wa kikoloni, na Nairobi ilinufaika nao kuliko miji mingine. Lakini ulitofautiana na ule wa Wabelgiji kwa jambo moja la msingi: ulikuwa na chombo chake chenyewe, kilichotambuliwa na sheria, na kilichohudumia nchi tatu kama wadau watatu. Chombo cha namna hiyo kinaweza kurithiwa. Baada ya uhuru, kilihamia katika Shirika la Huduma za Pamoja la Afrika Mashariki, na Mkataba wa 1967 ukakifanya kuwa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, makao yake makuu yakipangiwa Kampala. Kilidumu hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977.

Tofauti ya miundo hii miwili inaweza kufupishwa hivi. Waingereza walikuwa na stempu moja na ofisi moja ya pamoja. Wabelgiji walikuwa na stempu mbili na ofisi ambayo, katika ngazi ya juu, ilikuwa ya mmoja. Mfumo wa kwanza ulificha mgawanyo wa mapato lakini ukajenga taasisi. Wa pili ulidhihirisha mapato lakini haukuacha taasisi ya kushirikiana.

6. Barua kama haki

Mamlaka ya posta ya kikoloni ilikuwa na upande mwingine ambao tafiti za usafirishaji huupita. Wakati wa Shirikisho la Mataifa, mkazi wa nchi ya dhamana aliyetaka kulalamika Geneva alitakiwa kupitisha lalamiko lake kwa serikali ile ile inayomtawala. Mlalamikiwa alikuwa pia mpokeaji wa kwanza wa barua.

Mwaka 1946 Ruanda-Urundi iliingia katika udhamini wa Umoja wa Mataifa, na utaratibu ukabadilika. Malalamiko yaliweza kupelekwa moja kwa moja kwa Katibu Mkuu, au kukabidhiwa ujumbe wa Baraza la Udhamini ulipotembelea nchi. Ujumbe wa kwanza ulifika Ruanda-Urundi na Tanganyika mwaka 1948. Haki hii mpya ilikuwa na thamani kwa kadiri mwandishi alivyoamini kwamba bahasha yake ingefika bila kufunguliwa. Kwa mkazi wa teritori iliyo pembezoni kama Shangugu, dirisha la posta lilikuwa mojawapo ya milango michache iliyomwelekeza nje ya mnyororo wa watawala. Ndiyo maana usiri wa barua ni suala la kikatiba.

7. Uhuru na kukatika kwa njia

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku hiyo mamlaka iliyokuwa juu ya Usumbura ilitoweka, na Ruanda-Urundi ikabaki na Ubelgiji pasipo Kongo. Faranga ya Kongo iliondolewa na kuwekwa faranga ya Rwanda na Burundi. Tarehe 1 Julai 1962 Rwanda na Burundi nazo zikawa nchi mbili huru, na mwaka 1963 zote zikajiunga na Umoja wa Posta Duniani. Sarafu yao ya pamoja ilikoma mwaka 1964.

Ndani ya miaka minne, barua ya kutoka Cyangugu kwenda Bukavu na ile ya kwenda Bujumbura zilikuwa zimekuwa barua za kimataifa. Rwanda ilirithi majengo, mihuri na watumishi wa ngazi za chini. Ofisi ya kuamua ilikuwa imebaki Bujumbura, Kinshasa na Brussels. Ilibidi ngazi ya juu ijengwe upya Kigali.

Nchi tatu za Maziwa Makuu zilijaribu kurudisha ushirikiano. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire ziliunda huko Gisenyi Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa CEPGL. Jumuiya hiyo ilizaa benki ya maendeleo, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, na mashirika ya nishati, likiwamo linaloendesha kituo cha umeme cha Ruzizi II. Umeme wa mto unaogawanya Cyangugu na Bukavu ulipata mmiliki wa pamoja. Posta haikupata chombo cha namna hiyo.

Pengo hilo lilionekana kwa uchungu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watu wengi walipovuka Rusizi kuingia Kivu. Familia zilizotengana zilitafutana kwa ujumbe mfupi uliosambazwa na Msalaba Mwekundu: karatasi ya wazi, yenye habari za kifamilia tu, iliyobebwa kutoka kambi hadi kijiji. Kazi ambayo kwa kawaida ni ya posta ilifanywa na shirika la dharura.

8. Mafunzo kwa sera

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Kwa hiyo kingo zote mbili za Rusizi zimo katika jumuiya hiyo moja kimkataba, ingawa hali ya usalama katika Kivu imeendelea kuwa kikwazo kizito. Historia iliyoelezwa inatoa mafunzo matatu.

Kwanza, uanachama wa jumuiya hauleti wenyewe mawasiliano ya mpakani. Chombo mahususi kinahitajika, chenye sheria na wadau wanaotambuana. Shirika la Mawasiliano la Afrika Mashariki, lenye sekretarieti yake Kigali, na Umoja wa Posta wa Afrika, wenye makao Arusha, ni mahali pa kuanzia.

Pili, ushirikiano na hesabu tofauti vinaweza kwenda pamoja. Stempu ya Ruanda-Urundi ilionyesha kwamba mapato ya kila nchi yanaweza kutambulika. Posta ya 1933 ilionyesha kwamba uendeshaji unaweza kuwa wa pamoja. Kuvunjika kwa 1977, ambako kulichangiwa na mizozo ya fedha na mgawanyo wa faida, kunaonya dhidi ya kuunganisha huduma bila kuweka wazi hesabu.

Tatu, sheria ya kimataifa inaruhusu suluhisho la karibu. Katiba ya Umoja wa Posta Duniani inazipa nchi wanachama uhuru wa kuunda miungano midogo na kufanya makubaliano maalumu, mradi masharti yake yasiwe duni kwa umma kuliko yale ya mikataba ya jumla. Rwanda na Kongo zinaweza, hali ikiruhusu, kukubaliana juu ya makabidhiano ya moja kwa moja kati ya Rusizi na Bukavu na ada nafuu ya mpakani kwa barua, hati na vifurushi vidogo. Hatua hiyo ingewafaa hasa wafanyabiashara wadogo, ambao bidhaa zao huvuka mpaka kila siku wakati nyaraka zao hazivuki.

9. Hitimisho

Kuanzia Berlin hadi Brussels, mamlaka ya posta iliyosimamia Cyangugu ilikaa daima mahali pengine. Iliweza kuzikaribisha kingo za Rusizi, kama ilivyofanya baada ya 1925, na iliweza kuzitenga, kama ilivyotokea baada ya 1960, pasipo mkazi wa Gihundwe kuulizwa katika hali yoyote kati ya hizo. Ukaribu uliotolewa na mtawala uliondoka pamoja naye, kwa kuwa hapakuwa na taasisi ya wenyeji ya kuushika. Jukumu lililo mbele ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kuunda mamlaka ambayo watu wa kingo zote mbili wana sehemu ndani yake, ili serikali zibadilikapo, barua iendelee kuvuka.